Mpira Uligusa? Maadili ya Uwanjani na Uongozi Kazini

(Hotuba iliyotolewa ukumbini wakati wa maadhimisho ya hekalu letu, Morogoro. Kamati imeomba ichapwe katika kitabu hiki cha kumbukumbu.)



Naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii, ingawa nakiri kwamba nilipoombwa kuzungumza juu ya maadili na uongozi kazini, nilitaka kukataa. Mimi ni mtu wa duka. Masomo yangu yalikoma kidato cha nne, na tangu hapo mwalimu wangu amekuwa kaunta, ghala na daftari la madeni. Wapo hapa maprofesa wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Mzumbe ambao wangeweza kulieleza jambo hili kwa ufasaha kuliko mimi. Lakini mwenyekiti aliniambia, “Kaka, sema yale uliyoyaona.” Basi nitasema niliyoyaona, na mengi kati ya hayo nilianza kuyaona nikiwa uwanjani kabla sijayaona dukani.

Nianze na mwaka 1975. Nilikuwa kidato cha pili, kijana mwembamba mwenye kujiona. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa michezo kwetu. Mwezi wa Juni huko Uingereza lilichezwa Kombe la Dunia la kriketi kwa mara ya kwanza, na Afrika Mashariki ilipeleka timu moja yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya, na kutoka kwetu Tanzania walikuwamo Praful Mehta na Shiraz Sumar. Walicheza na New Zealand, na India na wenyeji Uingereza, wakafungwa mechi zote tatu. Hata hivyo, sisi vijana tulitembea Morogoro nzima kana kwamba tumerudi na kombe. Na mwaka huohuo timu ya mpira wa miguu ya hapa mjini, Mseto, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Nani angetuambia neno?

Katika mwaka huo huo shule yetu ilicheza kriketi na timu ya wageni. Nilikuwa mpigaji, na mbio zangu zilikuwa bado chache. Mrushaji akaleta mpira wa kasi, nikanyoosha gongo. Naona vijana wanacheka. Nasema gongo la mbao, si lile mnalolifikiria. Mpira ukagusa ukingo wa gongo, mguso mdogo kama wa kucha, ukaingia mikononi mwa mlinda wiketi. Kwa sheria ya kriketi nilikuwa nimetoka. Wageni wakapiga kelele wakimtazama mwamuzi, ambaye alikuwa mwalimu wetu. Lakini wakati uleule garimoshi lilikuwa linaingia stesheni, likapiga honi, na mwalimu hakusikia kitu. Akatikisa kichwa: sijatoka.

Katika kriketi ipo desturi ya zamani kwamba mpigaji anayejua kuwa ametoka huondoka mwenyewe bila kungoja mwamuzi. Haimo katika sheria. Hakuna adhabu kwa asiyeifuata. Mimi nilisimama pale pale, nikatazama Mlima Uluguru kama mtu anayekadiria mvua, kisha nikaendelea kupiga. Tulishinda, nikabebwa mabegani.

Jioni baba yangu alikuwa anafunga duka. Habari zilikwisha kumfikia. Morogoro ya wakati ule ilikuwa ndogo. Hakunipongeza. Aliniuliza neno moja tu:

“Mpira uligusa?”

Nikamjibu, “Mwamuzi hakusema kitu.”

Akasema, “Mwamuzi sikumwuliza. Nimekuuliza wewe.”

Ndugu zangu, nimekaa katika biashara zaidi ya miaka arobaini. Nimesikia semina nyingi na nimesoma vijitabu kadhaa vya uongozi. Sijasikia somo la maadili lililo fupi na zito kuliko swali lile. Kwa maana kazini, mara nyingi mwamuzi hasikii. Ofisa wa mizani huja mara moja kwa mwaka. Mkaguzi wa kodi hutazama karatasi ulizompa. Mwenye mali yupo safarini. Honi ya garimoshi hailii siku moja, hulia kila siku. Na kila siku swali ni lile lile: mpira uligusa?

Fikirini mama anayeshuka kutoka Kinole na mzigo wa pilipili manga au mdalasini. Ametembea tangu alfajiri. Hajui bei ya Dar es Salaam imepanda juzi. Mimi najua, kwa sababu nimepigiwa simu. Nikimlipa bei ya wiki iliyopita, nani atanishitaki? Hakuna sheria niliyoivunja. Lakini mpira umegusa, na mimi nimeusikia.

Mtaniambia kwamba biashara ni ushindani, na kwamba mwenye kujua zaidi ndiye anayepata zaidi. Nami sikatai. Mfanyabiashara asiyetafuta faida ni kama mchezaji asiyetaka kufunga; afadhali akae jukwaani. Ila kuna tofauti kati ya kumshinda mtu na kunufaika na kupotea kwake. Hapo naomba niwape kisa kilichotokea Hispania, kikamhusu jirani yetu wa Kenya.

Tarehe 2 Desemba 2012, katika mji mdogo wa Burlada, yalifanyika mashindano ya mbio za nyika. Aliyeongoza alikuwa Abel Mutai, Mkenya ambaye miezi michache kabla yake alikuwa ametwaa medali ya shaba katika Olimpiki ya London, mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alipokaribia mwisho, Mutai alidhani amekwisha kuuvuka mstari, akasimama. Mstari ulikuwa bado hatua chache mbele yake. Watu walimpigia kelele, lakini lugha yao hakuielewa. Nyuma yake alikuja Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita akashinda, na hakuna ambaye angesema ameiba. Badala yake alipunguza mwendo, akabaki nyuma yake, akamwonyesha kwa mikono kwamba aendelee, hadi Mutai alipouvuka mstari wa kwanza. Anaya alisema baadaye kwamba Mutai ndiye aliyestahili, kwa kuwa alikuwa amemwacha mbali na asingeweza kumfikia kama asingekosea.

Kisa hiki kina mkia ambao watu huusahau. Kocha wa Anaya alikuwa Martín Fiz, aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995. Yeye hakufurahi kama sisi tunavyofurahi. Alieleza kwamba kitendo kile kimemfanya kijana wake kuwa mtu bora, lakini si mwanariadha bora, na kwamba yeye mwenyewe angeitumia nafasi ile. Nampenda kocha huyo kwa ukweli wake. Sauti yake ndiyo ile tunayoisikia dukani: “Wewe ni mtu mwema, lakini kwa wema huo hutafika.” Sitawadanganya kwamba mwaminifu hupata faida daima. Yapo madili niliyoyakosa kwa kusema kweli, na aliyeyapata sasa ana jengo kubwa kuliko langu. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: yule mama wa Kinole akirudi, na mwanawe akirudi, na wajukuu zake wakirudi, hiyo nayo ni faida, ila daftari lake hufungwa baada ya miaka thelathini.

Na zipo njia za mkato ambazo uwanjani zimewaumiza ndugu zetu. Kenya, nchi tunayoiheshimu kwa mbio kuliko nchi yoyote, ililazimika kuunda wakala wake wa kupambana na dawa za kuongeza nguvu mwaka 2016, baada ya wanariadha wake kadhaa kufungiwa. Wenye kuumia hawakuwa wale waliotumia dawa pekee. Kila kijana wa Eldoret aliyeshinda kwa jasho lake alianza kutazamwa kwa jicho la shaka. Vivyo hivyo, mmoja wetu akichakachua mafuta au akiuza dawa ya mifugo iliyopitwa na wakati, hasemwi yeye. Husemwa, “Wahindi ndivyo walivyo,” au “wenye maduka ndivyo walivyo.” Mchezaji mmoja huivisha timu nzima aibu, wala hakuwauliza wenzake kama wako tayari kuivaa.

Sasa niseme juu ya ahadi. Wazee wenzangu mnamkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico. Jiji lile liko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Tokeni nje mkitazame kilele cha Lupanga, ambacho wengi wetu hatujawahi kukifikia hata kwa kutembea: Mexico iko juu zaidi ya hapo, na watu walikimbia kilomita 42 huko. Akhwari akabanwa na misuli, kisha akasukumana na wenzake, akaanguka, goti likaumia vibaya na bega likagonga chini. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla. Jua lilikuwa limezama na watazamaji wengi walikwisha ondoka wakati Mtanzania alipoingia uwanjani akichechemea. Walianza watu 75, wakamaliza 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali azimalize.

Tumeirudia habari hii mara nyingi hata imekuwa kama kibao cha ukutani. Mimi nataka mwitazame kwa jicho la mtu wa kazi. Akhwari hakuwa mtu dhaifu aliyezoea kuwa wa mwisho. Mwaka 1970 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh alikuwa wa tano katika marathoni. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na siku mbaya. Na siku mbaya ndiyo humpima mtu. Mkandarasi anayepewa malipo ya awali, kisha bei ya nondo ikapanda na faida ikayeyuka, atamaliza jengo au atazima simu? Fundi aliyeahidi madawati Jumatatu, mashine ikaharibika Ijumaa, atakwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kumweleza, au atangoja afuatwe? Mshindi hupongezwa na kila mtu. Anayemaliza kazi isiyo na faida tena, kwa sababu alitoa neno lake, huyo mpeni kazi inayofuata bila kutangaza zabuni.

Nimeitaja Mseto. Majirani zetu mnajua mseto ni nini: mchele na choroko katika chungu kimoja. Nyumbani kwetu tunauita khichdi, na ndio uji wa mtoto, chakula cha mgonjwa na chakula cha jioni ya mvua. Hakuna punje inayodai kwamba chungu ni chake. Miaka mingi baadaye mkoa wetu ulipata mabingwa wengine, Mtibwa Sugar wa Turiani, timu iliyotoka kiwandani, ikauchukua ubingwa wa Bara mwaka 1999 na kuurudia mwaka 2000. Simba na Yanga, zenye umri tangu miaka ya 1930 na mashabiki nchi nzima, zikakaa chini ya watu wa miwa. Timu namna hiyo haijengwi kwa kumpanga mtoto wa shangazi mbele kwa kuwa ni mtoto wa shangazi. Hupangwa anayeweza.

Hapa naomba jumuiya yangu inivumilie, kwa maana nasema na nyumba yangu kwanza. Tazameni maduka yetu. Kwenye kisanduku cha fedha amekaa mpwa. Ofisini amekaa shemeji. Nyuma, ghalani, yupo mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na mitano, anayejua kila bolti ilipo, anayejua mteja gani hulipa na yupi huahidi, na bado anaitwa “kijana.” Tumempa benchi maisha yake yote, kisha tunalalamika kwamba hana moyo wa kazi. Mchezaji asiyepangwa atauonyesha wapi moyo wake? Mimi mwenyewe nilifikisha miaka hamsini na mitano kabla sijamkabidhi asiye ndugu yangu funguo za duka. Niliogopa. Tangu siku ile mahesabu ya duka langu hayajawahi kuwa safi kama yalivyo sasa. Nasema hivyo kwa aibu, si kwa majivuno, kwa kuwa nilichelewa.

Ndugu mwenyekiti, naona umetazama saa. Nimebakiwa na jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Katika vita vya Kurukshetra, ambavyo watoto wetu huigiza katika ukumbi huu, Krishna hakushika silaha. Alishika hatamu za farasi. Aliye mkubwa kuliko wote uwanjani aliifanya kazi ya dereva, na mishale iliyorushwa kwa Arjuna ilimpitia yeye kwanza, kwa kuwa dereva hukaa mbele. Hivyo ndivyo ninavyoelewa uongozi: kukaa mahali ambapo lawama inaanza kufika. Nahodha mwema timu ikifungwa husema, “Nilikosea kuwapanga.” Nahodha mbaya humnyoshea kidole kipa.

Mwaka 1994 mimi nilikuwa nahodha mbaya.

Tulikuwa na mtunza ghala, mtu wa milimani, upande wa Matombo. Alinizidi umri, na alikuwa ameajiriwa na baba yangu kabla mimi sijakaa kwenye kaunta. Siku ya kuhesabu mali tukakuta mifuko sitini ya saruji haionekani. Nikamwita mbele ya duka, saa nne ya asubuhi, wateja wamejaa, vibarua wanapakua lori. Nikamwita mwizi. Alisema neno moja: “Tajiri, tazama tena.” Sikutazama. Nilimpeleka polisi, akalala mahabusu usiku mmoja. Ushahidi haukupatikana, wakamwachia. Akaja dukani, akaweka funguo juu ya meza, akaenda kwao.

Baada ya miezi minane nilikuwa nafunga hesabu za mwaka. Katika kitabu changu mwenyewe cha stakabadhi, kilichokaa ndani ya gari langu, nikakuta nakala yenye sahihi yangu. Mifuko sitini. Lori lilikuwa limetoka kiwandani likaenda moja kwa moja kwa mteja Kihonda bila kuingia ghalani, kwa amri yangu, nami nilisahau kuandika.

Niliweka mishahara ya miezi minane ndani ya bahasha, na barua, nikampa mtu ampelekee usiku. Nikaona nimelipa. Baba yangu alikuwa mzee sana wakati huo, haoni vizuri. Nilimweleza. Akaniuliza, “Ulimwaibisha wapi?” Nikasema, “Dukani, mbele ya watu.” Akauliza, “Na bahasha umeipeleka wapi?” Nikasema, “Kwake, usiku.” Hakuniuliza tena, wala hakulizungumza hadi alipofariki. Lakini mimi nilijua ameniuliza kama mpira uligusa.

Nikakaa na jambo hilo karibu miaka thelathini. Nilijenga, niliozesha watoto, nilichangia hekalu hili na mlinipigia makofi. Mwaka jana, kipindi tulipoanza kuyaandaa maadhimisho haya, nilimwomba dereva anipeleke Matombo. Mahali gari liliposhindwa nilipanda kwa miguu, nikapumzika mara nyingi. Nilimkuta anapepeta pilipili manga mbele ya nyumba yake. Alinijua kabla sijasema jina. Akaita wajukuu walete kigoda, nikapewa chai ya mdalasini na ndizi, kwa maana Mluguru hamwachi mgeni na njaa hata mgeni huyo akiwa ni mimi.

Nilipomaliza kusema, alikaa kimya, kisha akanijibu: “Tajiri, fedha zako nilizipata. Na mimi kwa moyo wangu nilikwisha samehe siku nyingi, kwa sababu nilikuwa na shamba la kulima na kinyongo ni kizito mlimani. Lakini wanangu wamekua wakiitwa watoto wa mwizi wa saruji. Binti yangu alikosa posa kwa neno hilo. Hilo si langu kulisamehe.”

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema, “Uliposema vile palikuwa na watu. Sema tena penye watu.”

Basi ndugu zangu, hapa pana watu. Pana wazee waliokuwa wateja wetu mwaka 1994, na wengine mlikuwapo dukani asubuhi ile. Yeye mwenyewe nimemwalika, naye ameitikia. Ameketi safu ya tatu pamoja na wanawe na wajukuu zake. Nasema mbele yenu kwa sauti ile ile niliyoitumia siku ile: mtu huyu hakuiba. Hakuiba mfuko mmoja. Kosa lilikuwa langu, sahihi ilikuwa yangu, na baada ya kuujua ukweli nilimficha asafishike ili mimi nisichafuke. Nakuomba radhi, mzee wangu. Nawaomba radhi wanawe, na hasa binti. Kila mtu aliyelirudia lile neno kwa sababu alilisikia kutoka kinywani mwangu, naomba alirudishe.

(Hapa mzungumzaji alimtaja mtunza ghala kwa jina, naye akasimama na familia yake. Kwa ombi lake jina halichapwi. Amesema waliohitaji kulisikia walikuwamo ukumbini.)

Nawashukuru. Ketini, tafadhali.

Vijana wangu, mmenisikiliza kwa utulivu, nami nimalizie na ninyi. Wengi wenu mtakuwa viongozi: wa maduka, wa ofisi, wa vyama, wa hekalu hili. Mtapewa vyeti na mtafundishwa mambo mengi ambayo mimi sikufundishwa. Ninawaomba yabakieni haya machache. Mwamuzi asiposikia, jiulize wewe. Mwenzako akipotea karibu na mstari, mwonyeshe njia, kisha kesho mshinde kwa miguu yako. Ukitoa neno, limalize hata ukiwa wa 57. Mpange anayeweza, si anayefanana nawe. Na ukikosea mbele ya watu, usiombe radhi gizani.

Mtu anaweza kufikiri kwamba mambo haya ni madogo mbele ya mitaji na masoko. Lakini maji ya mji huu hutoka Uluguru, na huko juu ni vijito vyembamba ambavyo mtoto huvuka kwa hatua moja. Vikichafuliwa kule, mji mzima unakunywa uchafu. Nilichokifanya na gongo langu mwaka 1975 kilikuwa kijito. Mwaka 1994 mtu mwingine alikinywa.

Nalishukuru hekalu hili lililonipa mahali pa kusema, na nawashukuru majirani zetu, Waislamu na Wakristo, ambao kwa miaka yote hii mmekuwa mkisikia kengele yetu kama sisi tunavyosikia adhana yenu na kengele za kanisa lenu, na tumeamka pamoja. Mwenyezi Mungu aubariki mji wetu.

Chakula kiko tayari nje, na mwaka huu kamati imeniruhusu nichague kimoja kati ya vyakula. Nimechagua mseto. Karibuni.